Tepa ya MT2 inacheza kwenye soketi: usiiamini ile mistari ya digrii

Kuna mkuu kauliza hivi: ana lethi ndogo (mashine ya kukereza chuma) nyumbani, anataka kujikerezea shafti ya MT2, yaani tepa ya Morse namba 2 (tepa ni umbo la duara linalopungua kipenyo kuelekea ncha moja), ya kushikia chaki ya drili (kichwa kinachobana drili) kwenye telstoki, kile kichwa cha nyuma cha lethi. Kazungusha slaidi ya juu (ile ndogo inayobeba kisu na inayogeuzwa kwa pembe) mpaka digrii moja na nusu, kakata, kaingiza kwenye soketi, mdomoni inabana vizuri ila ukiitikisa unaisikia kabisa ncha ya ndani inacheza. Juu ya hapo slaidi yake inafika mwisho wa mwendo kabla tepa haijaisha. Anauliza ahamie kwenye kusogeza telstoki au ajitengenezee atachimenti ya tepa, na mwishoni kagusia kwamba akifanikiwa anataka kukereza na slivu, yaani tepa ya ndani.

Kubana mdomoni na kucheza ndani maana yake ni kwamba tepa yako ni kali kuliko ya soketi, yaani pembe yake ni kubwa zaidi. Pembe ya MT2 ukiipima kutoka mstari wa katikati ni digrii 1, dakika 25 na sekunde 50, yaani kama 1.43, na wewe umeweka 1.5. Utasema 0.07 ya digrii ni kitu gani, haya piga hesabu kwenye urefu wa milimita 64 uone: ncha nyembamba imepungua kipenyo kwa karibu milimita 0.155. Hiyo ndio nafasi unayoisikia ikicheza. Na hapo tunachukulia kwamba kweli uliweka 1.5, kitu ambacho mimi nina wasiwasi nacho, maana kwenye lethi ndogo mistari imechorwa kila digrii moja na mstari wenyewe ni mnene, ukikosea moja ya kumi tu ya digrii (na jicho haliwezi kuiona hiyo) tayari ni 0.22 ya kipenyo kwenye urefu uleule. Tepa za Morse zinashika kwa msuguano wa uso mzima kwa uso mzima, pembe ni ndogo kiasi kwamba chuma hakiwezi kuteleza kirudi nje chenyewe, sasa ukiinyima huo uso mzima ikabaki inagusa pete nyembamba mdomoni, siku drili ikikwama shafti inazunguka ndani ya soketi na kuikwaruza, na soketi ya telstoki sio kitu unachonunua kirahisi.

Kwa hiyo ile mistari ni ya kukupeleka karibu tu. Kwa champa (ukingo uliokatwa mshazari) kwenye mdomo wa bomba inatosha, kwa senta ya digrii 60 (ncha ya kushikilia kazi) inatosha kama ni ya kazi za kawaida, kwa tepa inayotakiwa kushika haitoshi kwenye mashine yoyote, hata ile kubwa ya bei mbaya. Alafu angalia pia sifuri ya mashine yako iko wapi, kuna lethi ambazo slaidi ikiwa sambamba na bedi (reli za lethi) inasoma 0 na nyingine inasoma 90, na kumbuka unaweka nusu ya pembe nzima, senta ya 60 unaweka 30 kila upande. Haya mawili yanaharibu chuma cha watu kila siku.

Pembe isetiwe na dayo geji, ile saa ya kupimia yenye sindano. Njia ninayoipenda kuliko zote ni kunakili tepa ambayo unajua ni nzuri, maana hapo huhitaji hesabu wala kamusi ya namba za Morse. Tafuta shafti ya MT2 ya kiwandani yenye matundu ya senta pande zote mbili, ifunge kati ya senta mbili ncha nyembamba ikiangalia telstoki. Weka dayo geji kwenye tulposti (kishikio cha kisu), ncha yake iguse tepa katikati kabisa ya kimo, sio juu kidogo sio chini kidogo, alafu zungusha mkono wa slaidi ya juu dayo itembee tepa nzima. Sindano ikisogea, legeza boti za slaidi kidogo tu zibaki zimeshika, igonge slaidi taratibu na mpini wa bisibisi au kanyundo ka plastiki, rudia kutembeza. Utafika mahali sindano inakaa palepale kuanzia mwanzo mpaka mwisho, au inatikisika chini ya sehemu moja ya mia ya milimita. Hapo kaza boti, na ukishakaza TEMBEZA TENA, kwa sababu slaidi ina tabia ya kujisogeza wakati unakaza na watu wengi wanaishia kukata na pembe ambayo sio ile waliyoipima.

Kitu kimoja hapo, telstoki lazima iwe imenyooka na spindo (mhimili unaozungusha kazi). Ikiwa imehama milimita 0.1 tu na tepa yako ya mfano ina urefu wa 100 kati ya senta, umeshaongeza au kupunguza kama 0.06 ya digrii, yaani karibu kosa lilelile ulilonalo sasa. Ila ukikata kazi yako nayo kati ya senta hizohizo, na urefu wake ni uleule wa ile ya mfano, kosa la telstoki linajifuta lenyewe, kwa sababu zote mbili zimelala vilevile.

Kama huna tepa ya kunakili basi tumia fimbo ya duara iliyonyooka. Ifunge, kwanza tembeza kareji yenyewe (sehemu nzima inayobeba slaidi na kutembea kwenye bedi) ukiwa na dayo uhakikishe fimbo iko sambamba na bedi, kisha acha kareji imefungwa, tembeza slaidi ya juu milimita 50 kamili na usome dayo imesogea kiasi gani. Kwa MT2 inatakiwa 1.248. Hiyo imetoka kwenye 50 mara sin ya pembe, na ni sin sio tan kwa sababu zile 50 umezitembea kwenye upande wa mshazari, sio kwenye mstari wa katikati. Kwa pembe ndogo hivi tofauti haionekani, ila siku ukikata tepa ya digrii 30 kwa kutumia tan utalia. Kwa tepa yoyote nyingine chukua kipenyo kikubwa toa kidogo, gawanya kwa mara mbili ya urefu, hiyo ni tan, kalikuleta itakupa pembe, kutoka hapo unapata sin. Sasa ujue mpaka wa njia hii: dayo ikidanganya sehemu moja tu ya mia kwenye hizo 50, kwenye tepa nzima ni kama 0.026 ya kipenyo. Inakufikisha jirani sana ila sio nyumbani, kumalizia utahitaji bluu ambayo naieleza chini.

Kimo cha kisu. Hapa ndipo hata wenye uzoefu wanapopigwa, maana kwenye kukereza kawaida kisu kikiwa chini kidogo unapata kipenyo unachotaka tu, unaendelea na maisha. Kwenye tepa kisu ambacho hakiko kwenye mstari wa katikati kinabadilisha umbo lenyewe, tepa haiwi mstari ulionyooka tena, inakuwa na upinde mdogo wa kuingia ndani, na pembe nayo inahama. Kwa MT2, kisu kikiwa nje ya katikati kwa nusu milimita, ncha nyembamba inatoka nene kwa karibu mikroni 6, ambayo unaweza kuivumilia, lakini kosa linakua kwa mraba wake, milimita nzima inakuwa mikroni 24 na hiyo bluu itakuumbua. Kwenye tepa kali zinazoelekea kwenye ncha, kama senta, ndio mbaya zaidi. Kwa hiyo kata uso wa mwisho wa chuma mpaka katikati uone kama kimebaki kichunusi, kikibaki kisu hakiko sawa. Au bana rula nyembamba ya chuma kati ya ncha ya kisu na fimbo ya duara, ikisimama wima uko sawa, ikilala upande wowote juu yake rekebisha. Na ncha ya dayo uliyotumia kuseti ifuate sheria hiyohiyo.

Sasa hili la slaidi kuisha njiani. Lethi ndogo nyingi mwendo wa slaidi ya juu haufiki milimita 70, na ukitoa sehemu ya kuanzia na ya kutokea unabaki na hamsini na kitu. Watu wanajaribu kukata vipande viwili, wanakata cha kwanza, wanasogeza kareji, wanarudisha slaidi na kuendelea. Inawezekana, ukisogeza kareji milimita 30 basi slaidi ya kukatisha (ile inayosogeza kisu kuingia na kutoka kwenye kazi) nayo isogee 0.749, lakini kuunganisha ule mshono usionekane ni kazi ya kuchosha na kwa shafti ya chaki ya drili mimi nisingejisumbua. Kata tepa ya milimita 50 tu kuanzia upande mnene, alafu ile sehemu iliyobaki nyuma ikereze iwe mkia mwembamba ulionyooka, milimita 13 hivi, usiogusa popote. Milimita 50 za tepa iliyokaa vizuri zinashika kuliko 64 zinazogusa mdomoni tu. Usiukate huo mkia ukautupa, telstoki nyingi ndogo zinaitoa shafti kwa skrubu ya ndani kuisukuma kutoka nyuma unaporudisha mkono mpaka mwisho, shafti ikiwa fupi skrubu haiifikii, na utabaki unaipiga na nyundo.

Kwenye kukata kwenyewe, funga kareji kwenye bedi, kaza zile skrubu za pembeni za slaidi mpaka iwe nzito kidogo mkononi ila isikwame. Kina cha mkato kinatoka kwenye slaidi ya kukatisha, slaidi ya juu inatembeza tu. Daima tembeza upande mmoja, na ukirudi vuta kisu nje kwanza, plei (ulegevu) ya skrubu usiipe nafasi ya kuingia kati. Shida ya njia hii ni kwamba hakuna fidi ya mashine (mashine kutembeza kisu yenyewe), ni mikono yako, na uso unatoka na mistari pale mkono ulipobadilishana. Dawa yake ni kukaa vizuri kabla hujaanza, mikono miwili kwenye mkono wa slaidi inapokezana bila kusimama, na mkato wa mwisho uwe mwembamba, kama 0.1 ya kipenyo hivi, kisu cha HSS (chuma kigumu cha visu) kilichonolewa kweli kweli na ncha yenye mviringo mdogo. Karbaidi butu kwenye mkato mwembamba inasugua badala ya kukata, unapata uso unaong'aa ambao hauna kipimo. Msasa uwe wa kuondoa makali ya pembeni tu, ukianza kung'arisha tepa kwa msasa unabana kwa kidole na kidole hakijui pembe.

Ukishakaribia, leta bluu ya fundi, ile rangi nzito ya mafuta isiyokauka. Safisha soketi na kitambaa, hata chembe moja ya chuma inakudanganya. Chora mistari mitatu myembamba kwa urefu kwenye tepa, myembamba kweli maana ukipaka kama siagi itaonyesha inagusa kila mahali. Ingiza kwa mkono, izungushe robo ya mzunguko tu, toa. Mistari ikifutika upande mnene tu tepa bado ni kali, punguza pembe. Ikifutika upande mwembamba tu umepitiliza. Ikifutika ncha zote mbili katikati ikabaki, rudi kwenye kimo cha kisu. Inapofutika zaidi ya robo tatu ya urefu kwa mistari yote mitatu, acha kugusa slaidi. Ikifutika mstari mmoja tu na mingine imebaki basi tepa yako sio ya duara vizuri au ina kovu mahali, itafute.

Alafu kuna hesabu moja ndogo inayookoa vyuma vingi. MT2 inapungua milimita 1 kwa kila 20 za urefu, kwa hiyo ukitaka shafti iingie zaidi kwa milimita 1 unatoa 0.05 ya kipenyo, basi. Imebaki milimita 3 nje? Toa 0.15, ambayo kwenye slaidi ya kukatisha ni 0.075 kama dayali yako inasoma nusu kipenyo. Mtu asiyejua hili anatoa nusu milimita "kidogo tu" na shafti inazama milimita kumi.

Kabla hujalegeza slaidi angalia chaki yako ya drili imeandikwa nini nyuma. Ikiwa B16 au B18 una bahati, hizo ni vipande vifupi vya MT2 yenyewe, pembe ni ileile, kipenyo kikubwa cha B16 ni 15.733 na cha B18 ni 17.780. Geuza kazi kati ya senta, ncha nyembamba iangalie telstoki tena, kata upande wa chaki kwa seti ileile, na kwa kuwa umekatia kati ya senta tepa zote mbili zitakuwa kwenye mstari mmoja, chaki haitayumba. Ikiwa ni tepa ya Jacobs, hiyo ina pembe yake nyingine, na namba zake hazifanani zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo utaseti upya.

Kuhusu kusogeza telstoki. Ni njia nzuri na faida yake kubwa ni kwamba unatumia fidi ya mashine, uso unatoka safi na urefu hauna shida. Kipimo cha kusogeza ni urefu wote wa kazi kati ya senta mara tan ya pembe, kwa hiyo chuma cha milimita 150 kwa MT2 unasogeza karibu 3.75 kuja upande wako, ndipo ncha ya telstoki inakuwa nyembamba. Ila ona masharti yake: ni tepa ya nje tu, lazima kati ya senta, ukifunga kwenye chaki ya spindo hutapata tepa utapata chuma kinachopindwa kila mzunguko. Matundu ya senta yanakaa upande kwenye senta za digrii 60 na yanaliwa, afadhali senta yenye kichwa cha mpira, au uweke gololi na grisi. Ukitaka kukata shafti nyingine kwa seti hiyohiyo lazima urefu na kina cha matundu viwe vilevile, vikibadilika pembe imebadilika. Na baada ya hapo una kazi ya kunyoosha telstoki upya kwa fimbo ya majaribio na dayo. Hii ya mwisho ndio inanifanya nisikushauri kwa shafti moja. Ukiwa na hedi ya kuborea yenye mkia wa tepa, ile ya kwenye mashine ya milingi, ichomeke kwenye telstoki, funga senta ya gololi mahali pa kisu na usogeze hiyo badala ya telstoki. Hakikisha tu mwendo wake umelala, ufuate slaidi ya kukatisha. Mwili wa telstoki haujaguswa, ukimaliza unachomoa tu.

Atachimenti ya tepa, ule mhimili wa nyuma ya bedi unaoongoza slaidi ya kukatisha, inafanya ndani na nje, inatumia fidi, na telstoki inabaki mahali pake. Lakini kuijenga ni mradi wa peke yake. Lazima uachanishe skrubu ya slaidi ya kukatisha ili mhimili uongoze wenyewe, kina unakiweka kwa slaidi ya juu iliyogeuzwa, na plei ya viungo vyake vyote inaingia kwenye kazi, kwa hiyo mkato unauanzia mbali kabla ya chuma ili plei iishe hewani. Kama utakata tepa kila wiki jenga. Kwa shafti moja na slivu moja, hapana.

Na slivu sasa. Usiguse ile pembe uliyoiseti kwa shafti ya nje, itumie hiyohiyo kwa tundu la ndani, tena hii ndio siri ya kupata tepa mbili zinazooana kabisa. Upande wa mbele wa tundu ungetaka pembe ya kinyume, lakini upande wa nyuma, ule ulio mbali na wewe, mstari wake unafuata mwendo uleule wa slaidi. Kwa hiyo geuza fimbo ya kuborea kichwa chini, uso wa kisu ukiangalia chini, ukate ukuta wa nyuma wa tundu spindo ikizunguka kawaida. Kuna watu wanaacha kisu kikiangalia juu na kuzungusha spindo kinyume, inakata vilevile, ila kama chaki ya mashine yako imefungwa kwa nyuzi kwenye spindo USIFANYE HIVYO, itafunguka ikiwa kwenye mwendo na chaki ya kilo kadhaa ikitoka haichagui pa kwenda. Toboa kwanza tundu la kunyooka karibu na kipenyo kidogo, tumia fimbo nene kadri tundu linavyoruhusu, rudia mkato wa mwisho mara mbili bila kuongeza kina maana fimbo inajipinda na kurudi. Ukiwa na rima (kisu cha kupanulia tundu) ya MT2 ya kumalizia, achia 0.1 hivi ya kipenyo, ipitishe kwa mkono, mafuta ya kutosha, usiirudishe nyuma hata siku moja, na pima kwa shafti yako kila baada ya kuzungusha kidogo, kwa sababu ile hesabu ya 20 kwa 1 inafanya kazi na humu ndani pia, rima ikila 0.05 slivu imemeza milimita nzima.